Kulishusha Gari Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Mpaka sasa siamini. Baba mkwe amenichagua mimi!

Alifanyiwa upasuaji wa nyonga wiki iliyopita, na Jumamosi anatoka hospitali. Leo tumezunguka kitanda chake, kila mtu akijua kwamba wa kumrudisha nyumbani ni shemeji yangu, mwanawe wa kumzaa, mwenye kigari kilichoshushwa hadi kinakaa kama paka anayevizia panya. Mzee akaninyooshea kidole mimi. Akasema mkwe wake atakuja kumchukua.

Shemeji akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama mzee atafika nyumbani na nyonga zote mbili. Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka! Ni kweli gari langu linarukaruka. Likivuka tuta moja, huendelea kuitikia kwa kichwa mpaka tuta la pili. Lakini siri ya nyumba si ya kuanikwa wodini.

Nimeapa. Jumamosi nitafika na gari laini kama mto, tena lililo chini kuliko lake.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa fundi kabla ya kazi. Ni mwanamama asiyepoteza maneno. Alikandamiza boneti mara moja, akaachia, akakunja mikono. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. Likapanda tena. Nilitamani kulishika. Akasema shokamzoba zote nne zimekufa, mafuta yake yamevuja yakaisha, na bushi, ile mipira ya viungoni, zimelika kama sabuni.

Nikauliza kuhusu kulishusha. Akasema inawezekana, na si lazima iwe ghali: kuna springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zinafungwa na shokamzoba zinazoendana nazo, gari linashuka vidole viwili na linabaki salama. Kuziagiza ni wiki mbili. Kwa sasa nibadilishe shokamzoba na bushi tu, mgonjwa apate raha.

Wiki mbili! Vidole viwili! Nikamshukuru kwa heshima zote, nikaenda moja kwa moja kwa muuza vyuma chakavu. Nimepata shokamzoba nne zilizotumika. Mbili zinafanana. Springi sinunui. Springi ndefu ikikatwa, si inakuwa fupi? Nashangaa fundi mzima hakuliwaza hilo.

Jumatano, 5 Machi

Sikwenda kazini. Nilimwambia mkuu wa masijala kwamba nimepatwa na msiba mdogo.

Jirani yangu seremala aliniazima mashine ya kukatia vyuma. Aliponiuliza nakata nini, nikamweleza. Akarudi nyuma hatua kumi, akasimama ndani ya mlango wake.

Sikujua kwamba springi iliyo ndani ya gari imebanwa kwa nguvu zote. Hakuna aliyeniambia! Nililegeza nati ya mwisho, nikasikia kishindo, na springi ikapita kando ya sikio langu, ikavuka ukuta, ikatua kwenye tangi la maji la seremala. Tangi lina tundu. Nilikaa chini robo saa nikipapasa sikio. Lipo.

Nikakata pete moja kila springi, nikarudisha. Gari likalalia kushoto. Nikapunguza kulia. Likalalia kulia. Nikapunguza kushoto. Likainama mbele kama mtu anayeokota sindano. Nikapunguza nyuma. Kufikia saa kumi jioni lilikuwa sawasawa pande zote. Paka wetu, ambaye hulala chini yake kila siku, alilizunguka mara mbili, akaondoka bila kunitazama.

Limependeza mno!

Alhamisi, 6 Machi

Tuta la langoni kazini limeliinua gari langu juu kama mizani. Tairi za mbele hewani, za nyuma hewani. Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Nyuma yangu kulikuwa na gari la mkuu wa masijala. Alipiga honi, akashuka, akazunguka, akainama kutazama. Akauliza kama msiba wenyewe ndio huu.

Watu wanane walinisukuma.

Jioni nilimpandisha mke wangu. Akasema anajiona amekaa ndani ya beseni. Kila tulipokata kona, tairi zilisugua bodi na harufu ya mpira ikaingia ndani. Akauliza kama fundi ameliona gari. Nikajibu kwamba fundi analifahamu. Akatoka nje na simu yake. Sikuuliza anampigia nani. Mwanamume hapelelezi.

Jumamosi, 8 Machi

Mikono bado ina grisi. Naandika hivyo hivyo.

Nilifika hospitali mapema. Nikakuta shemeji naye amekuja na kigari chake, eti endapo litatokea la kutokea. Baba mkwe akatoka na fremu yake ya kutembelea, hatua moja moja, muuguzi ubavuni. Akasimama mbele ya gari langu. Paa lilimfikia kifuani. Akalitazama kwa utulivu.

“Mkwe wangu,” akasema, “umeniletea gari au umeniletea viatu?”

Muuguzi hakucheka. Alisema mtu aliyebadilishiwa nyonga ni marufuku kuketi chini. Magoti yakipita nyonga, kiungo kinaweza kuchomoka. Siku nne nimehangaika kutengeneza kitu cha kumchomoa baba mkwe nyonga! Shemeji akafungua mlango wa gari lake haraka. Muuguzi akalitazama hilo nalo, akatikisa kichwa. Tukabaki tumesimama wawili, bega kwa bega, kama watoto waliovunja mtungi.

Hapo likaingia gari refu, kuukuu, bila mlio wowote. Fundi alikuwa kwenye usukani na mke wangu pembeni yake. Kumbe mke wangu alikuwa amemwomba tangu Alhamisi.

Mzee akapandishwa humo, nami nikaona angalau nitangulie kuwaongoza. Kwenye tuta la lango springi ya mbele ikachomoka, gurudumu likajikunja, na gari likalala likiwa limeziba njia yote. Wagonjwa, wageni, baba mkwe, hakuna wa kutoka. Shemeji alivua shati lake zuri, akainama, tukanyanyua pamoja. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Tulipolisogeza kando, mzee akaniita dirishani.

“Mwanangu, mimi sikuchagua gari,” akasema. “Nilichagua dereva. Wewe huendeshi kwa pupa. Huyu ndugu yako atanirusha.”

Akamwomba fundi anipe funguo. Fundi akanikabidhi, akabaki na mzoga wangu langoni. Nilimpeleka mzee nyumbani taratibu kama nimebeba mayai. Njiani alisinzia. Nililia kidogo. Mke wangu alijifanya kutazama nje.

Jumatano, 12 Machi

Fundi amemaliza. Shokamzoba mpya, bushi mpya, springi za kawaida. Akakandamiza boneti mbele yangu: likashuka, likarudi, likatulia tuli. Nimepita matuta yote ya mtaani kwa makusudi. Kumbe barabara yetu ni nzuri!

Mke wangu ameniapisha nisiguse springi tena maisha yangu yote. Nimeapa, na kiapo changu ni kiapo. Springi sitazigusa.

Ila leo nimelitazama gari kutoka barazani, kwa makini, kwa saa nzima. Limerefuka vibaya. Na nimegundua jambo ambalo fundi, shemeji, wote wamelikosa. Springi hazina kosa. Kinacholirefusha gari ni paa. Hakuna aliyeniapisha kuhusu paa.

Nimepima. Vidole vinne vinaweza kutoka pale juu ya madirisha bila mtu kugundua. Baba mkwe ana miadi ya kliniki wiki ijayo, na amesema nimpeleke mimi. Akiinamisha shingo kidogo tu, tutaenea.