Malalamiko Juu ya Chokoleti Isiyopita Motoni

Kiriba,
Musoma Vijijini.
Januari, 1987.

Kwa Shemeji Hyasinta,
Bweri, Musoma.

Shemeji unayeheshimika,

YAH: CHOKOLETI ISIYOPITA MOTONI, NA OMBI LA KURUDISHIWA MKE

Natumaini hamjambo nyote hapo Bweri. Mimi pia sijambo, ukiacha hayo yafuatayo.

Nakuandikia kirasmi kwa sababu nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba Bunda, na huko nilijifunza kwamba neno la mdomo hupeperuka, lakini lililoandikwa lina uzito wake. Mdogo wako Eufrasia, mke wangu wa ndoa ya kanisani na ya ng'ombe, yuko kwako tangu Mwaka Mpya. Aliniaga kwamba anakwenda siku chache kukusaidia kutengeneza chokoleti ya harusi. Sijui ni harusi gani hiyo inayoliwa mwezi mzima. Namtaka arudi. Na kwa kuwa mtu mzima hadai mke wake bila kutoa sababu, natoa sababu zangu kwa namba.

1. Miaka ile ya dhiki ulikuwa unakuja kwetu sikukuu mikono mitupu, na tulikupenda. Sukari tuliipangia foleni kwenye duka la kaya, tukiacha mawe yatushikie nafasi, na jioni tukayakuta mawe yamekaa kwa adabu mbele ya duka lililofungwa. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna. Lakini katika nyumba isiyo na kitu mke na mume hukubaliana kwa kila jambo, maana hakuna cha kubishania. Mimi na Eufrasia tulikunywa uji wa chumvi tukitazamana vizuri kabisa. Sasa siku hizi ni ruksa, maduka ya Musoma yamefura, na wewe, siku chache kabla ya Krismasi, ukashuka garini na mfuko wa biskuti, kakao, sukari na siagi ya kopo. Mfuko huo niliupokea kwa mikono yangu mwenyewe na kukubebea hadi nyumbani. Laiti ningejua, ningeuangusha ziwani.

2. Utengenezaji wenyewe ni matusi. Biskuti zilizokamilika, zilizochorwa maua kiwandani na kufungwa kwenye karatasi, mkazitwanga kwenye kinu cha mtama mpaka zikawa unga tena. Nani hununua shati akalifumua ili apate uzi? Siagi mkaiweka kwenye sufuria juu ya bati la banda la kuku iyeyuke kwa jua, na kuku wote wakakusanyika chini, shingo juu, kama wanangoja tangazo la serikali. Mkachanganya na kakao na sukari, mkaviringisha, mkafunga kwenye nailoni, mkatumbukiza ndani ya mtungi wangu wa maji ya kunywa ili igande. Usiku nikapata kiu, nikachota, nikatoka na gogo jeusi. Sitaeleza lilifanana na nini. Wewe umezaliwa Butiama katikati ya ng'ombe, unajua.

3. Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, nakuomba usome polepole.

Huku kwetu moshi wa jikoni ndio taarifa ya habari ya nyumba. Moshi ukipanda, watu wanajua mama yupo, baba yu hai, na mgeni anakaribishwa. Mgeni asiyewashiwa moto hajakaribishwa, hata umpe kiti cha kuzunguka. Na jiko lisipotoa moshi siku ya sikukuu watu hawaulizi, wanakuja.

Ninyi mlikaanga samaki siku iliyotangulia, mkasema wataliwa baridi. Asubuhi ya Krismasi nikamkuta Eufrasia amevaa kitenge kipya na mafiga yamepoa. Nilipouliza, akanijibu, "Leo na mimi nasherehekea. Moto nao upumzike." Tukaenda kanisani. Kwa kawaida mke wangu hutoka wakati wa mahubiri akaangalie chungu. Hajawahi kusikia mahubiri ya Noeli yanaishia wapi. Mwaka huu alikaa mpaka mwisho, na njiani akaniambia kwa sauti, watu wakisikia, "Kumbe Katekista Apolinary huwa anaishiaga vile tu?" Mwanamke mwenye nafasi ya kusikiliza ni hatari kwa dini.

Tuliporudi nilikula kipande cha gogo lenu kwa uchunguzi, kisha kingine ili kulinganisha, kisha vingine ambavyo sikuviandika. Nikajilaza chini ya shuka nyeupe kwa ajili ya nzi. Ndipo jirani yetu Tereza alipopita. Akaona jiko halina moshi. Akaona wewe na mdogo wako mmeketi barazani miguu mmeinyoosha, mchana kweupe, hakuna anayefanya kazi. Akachungulia dirishani, akaona shuka. Akapiga yowe lililosikika hadi kwenye mitumbwi.

Wakaja, Shemeji. Wakaja na mizigo ya kuni, wakaja na ugali wa msiba, wakaja wanaume ambao sikuwahi kuwaona wakija nilipowaita kwenye palizi. Mdogo wangu Masatu alifika kabla hata ya machozi yake, na nilipokuwa naamka nilimsikia nje akisema, "Kaka alikuwaga mtu mzuri. Alikuwaga mkali, ila mzuri." Nilipotoka na kakao kwenye ndevu, Tereza alikimbilia kwenye mihogo. Masatu hakukimbia. Alikuwa kwenye zizi, mkono umeshika kamba ya ule mtamba wangu mwekundu. Akaniangalia kwa huzuni ya kweli, akasema, "Aa. Kumbe upo?"

Na ninyi wawili mkacheka mpaka mkalala chini. Nakueleza wazi: mimi sikuwahi kumsikia Eufrasia akicheka vile katika nyumba yangu, na iliniuma kidogo kwamba ilibidi nife kwanza.

4. Namba hii nimeifuta. Eufrasia akiiona atadhani namwomba.

5. Waombolezaji hawakuondoka. Kwa kuwa marehemu alikuwa amefufuka na jikoni hakukuwa na chakula cha moto, walikula chokoleti yote, pamoja na fungu langu nililolificha nyuma ya redio. Wanawake walioleta kuni wakazigeuza viti, wakakaa juu yake wakiuliza kakao inauzwa duka gani. Nilisimama pale kwenye msiba wangu mwenyewe na hakuna aliyenipa hata pole.

Sasa fuatana nami, maana jambo hili haliishii kwenye tumbo. Sikukuu ikiweza kuandaliwa bila moto, harusi itaandaliwa bila moto, na hiyo mmeshaianza. Harusi ikiandaliwa bila moto, bibi harusi hahitaji kujua jiko. Asipohitaji kujua jiko, baba mkwe atadai ng'ombe kwa sababu gani? Ng'ombe wangu waliokuja kwenu Butiama walikuja mchana, kwa miguu yao, vijiji vyote vikiona, na walikuja kwa sababu mama yenu alisema binti anajua kusonga. Ng'ombe wakikosa kazi hiyo watakaa tu mazizini wakiwaza, na vijana wa mkoa mzima wa Mara nao watakaa barabarani wakiwaza. Kisha itakuja sensa. Serikali huhesabu kaya kwa chungu: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Karani wa sensa atasimama mlangoni kwangu na karatasi zake, atauliza chungu kiko wapi, nami nitamwonyesha mtungi. Ataandika nini? Mtu bila chungu si kaya, Shemeji. Ni mzee tu aliyeketi karibu na nyumba.

Nimemweleza hayo Balozi wetu wa nyumba kumi. Akaniuliza kama kimebaki kipande.

6. Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo yatekelezwe bila kuchelewa.

Kwanza, Eufrasia arudi. Kinu nacho kirudi, na mchi, maana alivibeba na sasa mtama wangu nautazama tu.

Pili, utangaze hapo Bweri kwamba kile kitu si chakula. Kiitwe dawa, au mchezo, au jina lolote litakalomfanya mtu akile huku akiona haya kidogo.

Tatu, kama ni lazima kiendelee kutengenezwa, basi kipitishwe juu ya moshi japo dakika moja, kama tunavyofanya sangara, ili kijulikane kimetoka kwenye nyumba yenye mke. Nimelijaribu hili mimi mwenyewe kwa kipande nilichokikuta mfukoni mwa koti. Hakuna haja ya kueleza matokeo. Itoshe kusema figa moja sasa linanukia vizuri na paka haondoki hapo.

Usimsomee Eufrasia barua hii. Ukimsomea, usifikie namba tatu. Ukifikia, msomee mpaka pale niliposema kuhusu kucheka, kisha unyamaze uone atasemaje.

Nisalimie mumeo Pastory, mwanyumba wangu, na umuulize anawezaje kuishi na ninyi wawili katika nyumba moja bila kwenda kwa askofu. Nisalimie Mama Esta wa jirani, na wale wanaowauzia biskuti, na maharusi kama wapo kweli. Huku wote wazima: kuku, mtamba mwekundu, na Tereza, ambaye bado ananisalimia akiwa mbali.

Nabaki kuwa shemeji yako mtiifu, mwenye haki,

Magesa
(Karani wa Mizani, mstaafu)

Nakala:
Katekista Apolinary, ili atafute mwisho mzuri zaidi kabla ya Pasaka.
Balozi wa Nyumba Kumi, ambaye kipande hakikumbakia.
Masatu, ili ajue bado nipo.

Tanbihi: Tangu Eufrasia aondoke, moto nauwasha mwenyewe kila asubuhi, tena kwa kuni mbichi, ili moshi uonekane mpaka kwa Masatu. Unapanda vizuri sana. Watu wanapita njiani, wanautazama, wanaambiana kwa Magesa ni kwema, wanaendelea na safari zao. Hajaja hata mmoja kuniuliza hali. Jumamosi napanda gari la asubuhi kuja Bweri. Siji kumchukua mtu. Nakuja kuketi na ninyi barazani, kama nafasi ipo. Tafadhali mwambie Eufrasia asiniwashie moto.