Mama Alinifukuza Darasani Akiwa Giakanja

Wenzangu, leo nimeaibishwa na mamangu mzazi mbele ya wanafunzi thelathini na wanne, na mama mwenyewe hakuwa hata chumbani.

Naandika nikiwa kantini. Chai imepoa mbele yangu. Afadhali mnisikie mimi kabla hamjasikia kwa wengine, maana hao wataongeza chumvi (na chumvi haihitajiki).

Mnajua kazi yangu. Nafundisha usalama wa mifumo ya kompyuta hapa chuoni. Mimi ndiye yule mtu anayewasumbua mbadilishe neno la siri. Ndiye anayewanunia mkitumia jina la mtoto. Wanafunzi wa mwaka wa nne wananiita Kufuli, wakidhani sijui. Najua, na jina nalipenda.

Sasa. Leo saa sita kamili mchana mfumo wa alama ulikuwa unafungwa. Alama zisipoingia, darasa langu lote linakosa orodha ya mahafali, wangoje mwaka ujao. Alama nilikuwa nazo tayari tangu wiki jana, kwenye flashi, mfukoni. (Mbona sikuziingiza wiki jana? Swali zuri. Tuendelee.)

Stima zilipotea mtaani kwangu Ruring'u jana jioni, kwa hivyo nilitoka nyumbani na simu iliyozima. Kufika chuoni, jengo la ofisi nalo giza. Jenereta inalisha madarasa tu. Nikajiambia si neno, nitaziingiza kwa kompyuta ya darasani, wanafunzi wakiona. Hata itakuwa somo!

Saa tano na nusu nikaandika neno langu la siri, herufi ishirini na mbili, huku nimeikinga kibodi kwa koti. Darasa likageuza macho pembeni kwa heshima. Nikajiona mtu.

Kompyuta ikasema hainijui. Ile ya ofisini imenizoea, hii hapana. Ikasema imetuma namba sita kwenye simu yangu, niziandike hapo ndipo ifungue.

Simu gani? Nikasoma tena. Ile laini yangu ya zamani!

Jasho likanitoka, na huu ni mwezi wa saba, baridi ya Nyeri imekolea. Laini hiyo nilimpa mama miaka mitatu iliyopita, pamoja na simu yenyewe, na sikuwahi kuibadilisha kwenye mfumo. Mama ameiandika kwenye kibao chake pale soko la Giakanja: VIFARANGA WA KIENYEJI, PIGA SIMU. Mwalimu wa usalama, na funguo zangu ziko kwa muuza vifaranga.

Ningeenda kwa watu wa mitambo wanifungulie. Lakini hakuna kufunguliwa bila barua na siku tatu za kungoja. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikakohoa. "Darasa, leo tufanye zoezi. Nitampigia mwananchi wa kawaida, nijifanye mtoto wake, muone vile watu hutoa namba za siri kirahisi." Nikaazima simu ya Shiro, msichana wa mstari wa mbele. Nikaweka sauti ya juu, wote wasikie. (Kwa hiari yangu. Hakuna aliyenilazimisha.)

Mama akashika. "Haro! Vifaranga viliisha, labda Jumanne."

"Mami, ni mimi Kariuki."

"Kariuki gani?"

"Kariuki wako!"

"Hii namba si ya Kariuki."

"Simu yangu imezima, mami. Kuna meseji imeingia kwa simu yako, iko na namba sita. Nisomee."

"Aaa. Namba sita." Nikamsikia akiita majirani. "Kujeni muone! Ni wale wezi wa simu! Huyu ameiga mpaka sauti!"

Darasa likaangua kicheko. Na kosa ni langu, nalijua. Disemba tapeli alimpigia mama akidai ni mimi, ati nimeshikwa na polisi. Nilimfunza kwa hasira hapo karibu na moto, saa mbili nzima: mtu akipiga kwa namba ngeni akasema ni mimi, usimwamini hata akilia. Muulize kitu ninachokijua mimi. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, huyo ndiye mwanafunzi wa pekee aliyenisikiliza.

Saa sita kasoro robo. Mkuu wa idara, Daktari Mumbi, akatokea mlangoni.

"Mwalimu, maksi ziko wapi?"

"Zinakuja, Daktari."

Hakuondoka. Alikunja mikono kifuani, akangoja. Nami nikawa nazunguka mbele ya darasa na ile simu kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Mami, basi niulize kitu!"

"Ng'ombe yetu inaitwa nani?"

"Karembo!"

"Hiyo soko yote inajua. Sasa nikuulize ya ukweli. Siku ya Pasaka, ukiwa umeshika sahani ya mukimo, uliniambia utarudi Jumamosi kunifanyia nini?"

Nikatafuta kichwani. Mukimo nikaukumbuka. Kingine, hakuna.

"Kukuletea blanketi?"

"Apana."

"Kukupeleka kwa daktari wa macho?"

"Apana! Na Kariuki wangu ni mtu wa kompyuta, hasahau kitu. Mwizi wewe!"

Hiyo iliniuma, nasema kweli.

Hapo akasimama Barasa. Barasa ndiye mkubwa wa darasa kwa umri, afande wa polisi kutoka Bungoma, na nikakumbuka amepanga chumba huko Giakanja. Nikashukuru Mungu. Akainama kwenye simu.

"Mama Kariuki, ni Barasa hapa."

"Barasa wa mayai?"

"Ndio mimi, mama. Niko shule."

"Haiya! Barasa, huyo anasema ni mtoto wangu. Ni yeye?"

Barasa akaniangalia. Bahati mbaya huyu ni afande asiyejua kudanganya. "Mama, mimi namjua kama mwalimu. Lakini tumekuwa majirani mwaka mzima, na sijawahi kumuona akikuja kwako."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Barasa akanihurumia, akaninong'oneza, "Mwalimu, sema ni taa ya vifaranga."

"Nimesikia, Barasa! Usimpee majibu! Hiyo ni kuiba mtihani!"

Taa ya vifaranga! Ikanirudia yote: kibanda chenye baridi, waya uliokatika, na mimi nikisema Jumamosi bila kukosa, mami. Soko zima la Giakanja lilijua jibu. Aliyesahau ni mmoja tu.

"Barasa," mama akasema, "wewe nitakupea namba. Lakini huyo atoke nje kwanza."

Nikamtazama Daktari Mumbi, mtu mwenzangu, msomi mwenzangu.

"Mwalimu," akasema, "zimebaki dakika saba. Toka nje."

Nikatoka! Darasa langu, somo langu, nikasimama kwenye manyunyu nikichungulia dirishani. Zile namba za kwanza zilikuwa zimeisha muda, Barasa akaomba nyingine. Mama akawa anasoma moja moja, na darasa zima likimrudishia kwa sauti kama watoto wa nasari. "Nne! NNE! Saba! SABA!" Siri yangu ilisikika mpaka kwa mpishi wa kantini.

Saa sita kasoro dakika mbili alama ziliingia. Majina yote thelathini na manne yako kwenye orodha. Daktari Mumbi, akienda zake, aliniuliza kama yule mama ana nafasi Jumatatu aje amalizie somo. Hakuwa anatania.

Simu yangu ilipata chaji kidogo kule darasani, na sasa hivi mama amepiga.

"Kariuki, leo mwizi alinipigia. Alikuwa na sauti yako kabisa! Lakini hakujua mambo ya taa. Nikasema huyo si wewe. Wewe huwezi sahau hiyo, na vifaranga tisa vimekufa na baridi."

Nikasukuma kikombe cha chai kando. Mpaka sasa sijui kama anajua au hajui, na sikuthubutu kuuliza.

"Umefanya vizuri, mami. Jumamosi nakuja kufunga taa."

"Sawa. Na ubebe kitambulisho."

Balbu nanunua nikitoka hapa. Kitambulisho kiko mfukoni. Na anayetaka kunicheka, kwanza ampigie mamake kwa namba ngeni.