Kifungu cha Shemeji

Ilitangazwa kwa vipaza sauti, kwa mabango na kwa gari la maji taka lililoazimwa kwa shughuli hiyo, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtalii atakayefurahishwa mjini bila ridhaa yake ya awali. Serikali ilikuwa imeona. Serikali ilikuwa imesikitika. Na kwa kuwa kusikitika peke yake hakutoshi, serikali ilikuwa imeunda idara.

Idara ya Kudhibiti Utumbuizaji Usioalikwa ilipewa ghorofa nzima, chai asubuhi na alasiri, na Mkurugenzi. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo la heshima na imani kwamba hakuna shida duniani isiyoweza kuwekewa kifungu. Safari hii alikuwa na sababu ya kujituma. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, Waziri mwenyewe angekuja uwanjani kuzindua operesheni, na watu wa ndani walishamnong'oneza kwamba uzinduzi ukienda vizuri, kiti ni chake. Mkewe alikwisha kuwaambia majirani.

Tatizo lenyewe, tuseme kweli, halikuwa la kubuni. Pale Uwanja wa Mnara mtalii alikuwa hapigi hatua. Akimkwepa mwanasarakasi, anavishwa nyoka shingoni. Akivuliwa nyoka, kwa malipo, anakuta mpiga ngoma keshamtungia wimbo wa kumsifu yeye na mama yake, na wimbo ukishaimbwa haurudi tumboni. Lakini kiboko yao wote alikuwa Sanamu. Huyo alijipaka rangi ya fedha kuanzia utosini mpaka kwenye kucha, akasimama juu ya ndoo, kimya. Mtalii anasogea, anapiga picha, anageuka aende zake. Hapo sanamu linamdaka mkono wa shati, na haliachii mpaka lipewe chochote.

Sanamu alikuwa shemeji yake Mkurugenzi, kitinda mimba wa kwao mkewe. Alikaa chumba cha uani, na taulo zote za nyumba ile zilikuwa ziking'aa.

"Shemeji," Mkurugenzi alimwambia asubuhi moja mezani, huku akifuta rangi ya fedha kwenye mkono wa kikombe chake, "kusimama nako ni kazi?"

"Mbona wewe unalipwa kwa kukaa?"

"Mimi nalitumikia taifa!"

"Na mimi nalipamba."

"Hebu acheni, chai inapoa," alisema mke. "Na wewe baba watoto, mdogo wangu hajamwibia mtu. Anashika tu."

Kilichomkera Mkurugenzi hakikuwa kushika. Kila mara askari walipomkamata, Shemeji aliwauliza, "Mnajua mimi ni shemeji yake nani?" nao wakamwachia, wakabaki kujifuta rangi mikononi. Hayo yakitokea mbele ya Waziri, ukatibu mkuu ungeota mbawa. Kwa hiyo alijifungia ofisini akaandika Kifungu cha Tisa kwa mkono wake mwenyewe: mtuhumiwa akidai kuwa ni ndugu wa mkubwa, rafiki wa mkubwa, au mkubwa mwenyewe, asisikilizwe, bali dai hilo lihesabiwe kuwa sehemu ya maonyesho. Yale maneno "au mkubwa mwenyewe" aliyaongeza mwishoni, kwa kupenda ukamilifu.

Kisha akamfuata Shemeji uani.

"Kuanzia leo, mjini hunijui, sikujui. Ukiulizwa, huna ndugu mkubwa. Umesikia?"

"Nimesikia, shemeji."

"Shemeji yako nani?"

"Nimesikia, mzee."

Mafunzo ya askari yaliendeshwa kwa weledi wa hali ya juu, yaani kulikuwa na soda. Koplo mmoja mrefu, asiyecheka hata akitekenywa, alinyoosha mkono. "Afande, mtumbuizaji tutamjuaje?"

"Mtumbuizaji," alijibu Mkurugenzi, "ni yeyote aliyevaa asivyovaa mtu timamu, akawazuia watu njia, akawapigia kelele wasizoziomba, kisha akapokea chochote." Koplo akayashika maneno hayo neno kwa neno. Hakuwa mtu wa kuhoji.

Siku ya uzinduzi watumbuizaji wote walizolewa mapema wakatiwa kwenye lori lenye wavu, likaegeshwa kando ya uwanja ili Waziri aone mavuno. Shemeji alikuwamo, na safari hii hakutaja ndugu wa mtu. Mkurugenzi alifika akiwa na vazi la idara alilolibuni mwenyewe: joho la zambarau lenye nyuzi za dhahabu, na kofia ya manyoya. Waziri alichelewa. Hadhira nayo ilianza kutawanyika, kwa kuwa wote walikuwa watalii na hawakuwa na kazi ya kusubiri Waziri. Mkurugenzi akaamuru wazungushiwe kamba.

"Wageni waheshimiwa!" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Leo mko huru! Hakuna atakayewazuia tena! Tafadhali msiondoke!"

Aliwaeleza dira. Aliwaeleza dhima. Jua likapanda, akawaeleza mpango mkakati. Alipoishiwa, akavua kofia kwa heshima, akaishika mbele ya tumbo, mdomo wa kofia ukitazama juu, na kuimba wimbo wa taifa peke yake, kwa sababu mpiga ngoma alikuwa ndani ya lori.

Bibi mmoja mtalii, mwenye fimbo, aliufahamu uwanja ule tangu safari zilizopita. Alijua mambo kama haya huishaje. Akashusha pumzi, akasogea, akatia noti kwenye kofia, akainua kamba na kwenda zake. Wenzake wakaelewa. Wakapanga foleni. Mkurugenzi alikuwa katikati ya ubeti, na wimbo wa taifa haukatizwi. Akawa anainamisha kichwa kumshukuru kila mmoja. Adabu zilimponza.

Koplo alitazama joho, akatazama kamba, akatazama kofia. Akapiga saluti.

"Uko chini ya ulinzi, mzee."

"Koplo, umerukwa na akili? Mimi ni Mkurugenzi!"

Koplo alimjua, sana tu. Ila kifungu hakikuuliza Koplo anamjua nani. "Cha Tisa," alisema kwa upole. "Panda gari."

Waziri alipowasili alilizunguka lori akafurahi. "Na huyu wa zambarau?"

"Sugu huyo, mheshimiwa," alijibu Koplo. "Aliwafunga watalii kamba."

"Mheshimiwa, ni mimi!" alilia Mkurugenzi, vidole vimeng'ang'ania wavu. Waziri hakuwa na desturi ya kutazama sura za walio chini yake, na sasa sura hiyo haikumjia.

"Mkurugenzi wenu yuko wapi?"

"Ametoweka, mheshimiwa," alisema Koplo.

"Siku kama ya leo! Basi kaimu wewe." Waziri akageukia lori. "Kuna anayemjua huyu mtu?"

Mkurugenzi akamgeukia Shemeji, jasho likimchuruzika. "Shemeji, nakuomba. Waambie mimi ni nani."

Shemeji hakupepesa jicho. Taratibu, kama ufanyavyo kwa kila mteja, mkono wa fedha ukanyooka, kiganja juu. Mkurugenzi akaimimina kofia nzima, noti na sarafu, mpaka nyingine zikaanguka sakafuni. Kiganja kikafunga. Kichwa cha fedha kikamgeukia Waziri, kikainama kwa heshima zote.

"Mimi, mheshimiwa, sina ndugu mkubwa," alisema Shemeji. "Niliambiwa."