Mpagazi Anayetafuta Meno

Jumatatu, 7 Septemba 1953

Ijumaa hii meno ya watoto yatakaguliwa. Aliyesema ni Padre msimamizi wa shule, kwa barua iliyoshuka stesheni ya Goweko na kunifikia saa nne. Mkaguzi ni Bwana Elieza, mganga wa meno kutoka Tabora. Mwalimu ambaye darasa lake litashinda kwa meno safi atahamishiwa shule ya Cheyo mwezi Januari.

Cheyo! Anakoishi Bernadeta. Mwaka wa tatu sasa tumechumbiana, na bado anasema haji kuolewa kando ya njia ya msafara, mahali penye makaburi mengi kuliko watu. Basi lazima niende mimi.

Walimu tuko wawili. Mimi nina darasa la pili, watoto ishirini na wawili. Mwalimu Flavia ana darasa la kwanza, kumi na tisa. Mbinu yake: kila asubuhi huwapanga mstari, huwakatia miswaki ya mti, husugua pamoja nao. Huku wanaimba. Hana ubunifu.

Mtoto hasugui kwa wimbo. Husugua kwa woga.

Nje ya dirisha langu kuna rundo la mawe, kaburi la mpagazi wa zamani. Jina lake halijulikani. Apitaye huongeza jiwe. Leo saa tano nimewaambia watoto kwamba mpagazi huyo alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji, akafa hapa bila jino hata moja, na tangu hapo anatafuta meno. Huja mlangoni na kusema, "Fungua kinywa nione." Nimeitunga yote pale pale, chaki mkononi.

Hata nzi walitulia. Mafanikio.

Jumanne, 8 Septemba

Watoto wamekuja mapema, midomo imefungwa. Nidhamu!

Koleta, mwenye miaka minane na maswali ya miaka themanini, akasimama. Akauliza kama mpagazi amefungwa njuga mguu mmoja au yote miwili. Nikamwuliza njuga zipi. Akasema hizo zinazolia akitembea. Darasa zima likaitikia kwa kichwa.

Mimi sikutaja njuga.

Nimeandika hili kwa usahihi tu. Watoto huongeza chumvi.

Mbinu ya pili: ushahidi. Hapa jino la utoto likitoka, mtoto hulitupa juu ya paa na kuomba jipya. Meno hayo huteleza kwenye nyasi na kuanguka chini ya upenu. Nilihitaji machache, niwaonyeshe watoto kuwa ni mavuno ya mpagazi. Saa tisa alasiri nilipiga magoti nyuma ya nyumba ya Mzee Masolwa. Nikapata matano, nikayatia katika kopo la tumbaku.

Nilipoinua kichwa, miguu ya Mzee Masolwa ilikuwa mbele yangu. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado nimepiga magoti. Akaitikia marahaba, kisha akauliza mwalimu mzima anachambua nini kama kuku. Nikamweleza. Hakucheka. Akasema meno yale ni ya wajukuu zake na hayajajibiwa yote. Akauliza pia ni nani aliyeniambia habari za mpagazi. Nikasema nimezitunga. Akaligeukia rundo la mawe.

"Mwanangu," akasema, "ukimwita mtu, mwandalie kiti."

Wazee wana maneno.

Jumatano, 9 Septemba

Nimefungua kopo mbele ya darasa na kumwaga mezani. Meno sita.

Nikahesabu tena. Sita. Matano madogo. La sita kubwa, la njano, la mbele, lenye ncha iliyochongwa pembeni, kama walivyochonga watu wa enzi za misafara. Kopo lililala kabatini. Ufunguo uko shingoni mwangu.

Nikawauliza watoto nani kalileta. Hakuna. Nikamwuliza Flavia. Akasema huenda ni langu. Nikamjibu kwamba langu limo kinywani na linauma. (Kweli linauma. Gego la kulia, tangu Juni. Ni asali ya Sikonge. Kusugua ni kwa watoto.)

Mwalimu mwingine angetupa jino hilo. Mimi nimelitumia! Nimelizungusha darasani, dawati hadi dawati. Hakuna aliyekubali kuligusa ila Koleta. Alilishika, akasema lina joto.

Kisha akauliza: mtu asiye na meno, akitafuta meno, atachukua mabovu au mazuri?

Nikamwambia akae.

Alhamisi, 10 Septemba

Miombo imetoa majani mapya, mekundu kama ufizi. Hakuna upepo. Saa sita mchana, wakati wa hesabu, njuga zimelia njiani. Polepole, hatua kwa hatua, kutoka upande wa Ujiji. Zikasimama kwenye mawe. Nikachungulia dirishani. Njia tupu.

Nikageuka. Watoto ishirini na wawili walikuwa wameweka viganja midomoni.

Nikaendelea na hesabu.

Flavia amekuja kuniambia kwamba darasa langu halisugui tena. Nikamwambia ana wivu. Akasema, "Haya, Mwalimu Raymundi," akaenda kukata miswaki.

Ijumaa, 11 Septemba

Taarifa kamili.

Bwana Elieza alifika saa tatu kwa baiskeli, akija kwa njia ya msafara. Alikuwa akipiga kengele ili mbuzi wampishe. Nyuma amefunga sanduku. Akaegemeza baiskeli kwenye rundo la mawe, akatoa koleo, akasimama mlangoni kwangu na kusema:

"Fungueni vinywa nione."

Wawili wakatoka kwa dirisha. Mmoja akaingia kabatini. Waliobaki wakafunga midomo hadi mashavu yakatetemeka. Bwana Elieza akabembeleza. Akatisha. Akatoa peremende. Hakuna.

Mwisho Koleta akafungua, kwa ushujaa. Meno meusi tii! Akaeleza kwa sauti iliyosikika hadi darasa la kwanza: mpagazi hawezi kutaka mabovu, kwa hiyo wote wamepaka masizi ya chungu na mafuta ya nyonyo, na kila usiku wanalala na asali mdomoni. Ili wasipendeze.

Bwana Elieza akauliza nani kawafundisha. Vidole kumi na tisa vikanielekea.

Darasa la kwanza lilifungua vinywa likiimba. Meupe yote.

Kisha mganga akaona shavu langu limevimba. Akanikalisha kwenye kiti changu, mbele ya shule nzima. Akasema gego limeoza kabisa. Akaling'oa. Nililia kidogo, kwa sababu za kitabibu. Flavia akanishika kichwa. Akaniahidi kwamba akifika Cheyo atamfikishia Bernadeta salamu.

Gego nimelitia koponi. Meno saba. Nimefunga kabati.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimefungua kopo saa mbili asubuhi. Meno sita. Madogo matano yapo. La njano lipo. Langu halipo. Kufuli zima.

Bwana Elieza alisema gego langu halifai kitu. Mpagazi amelichagua kati ya saba. Kuna maoni mawili, basi.

Koleta amepita dirishani. Ameniambia nisiogope, mpagazi amefurahi, ila moja halitoshi kutafunia. Shavu la kushoto limeanza kuuma.

Barua ya Padre imefika. Flavia anahamia Cheyo. Darasa langu litakaguliwa upya Ijumaa, 16 Oktoba, na likishindwa nitabaki hapa miaka mitano zaidi. Lakini muda ninao. Jumatatu saa tano nitawaambia watoto kwamba mpagazi ana mke, na kwamba mke anapenda mabovu.