Mfalme Ngurumo Hakukosea

Anton Kapela,
Kijiji cha Ipole, Sikonge,
Tabora.

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi vya Watoto,

YAH: KUONEWA KWA MFALME NGURUMO, NA MADHARA YALIYONIFIKA MIMI NYUMBANI KWANGU

Nakuomba ukae kitako kwanza, maana habari hii haisomwi kwa kusimama. Sisi huku Ipole hatujambo, mvua zimeanza vizuri, na mke wangu Bernadeta angekusalimu kama angejua kuwa nakuandikia. Mimi ni baba wa familia, na ni mdogo wake Bwana Modest Kapela wa Tabora mjini, ambaye huenda unamfahamu, kwa kuwa ana ofisi. Sijawahi kuilalamikia televisheni, hata siku ile mlipokatiza penalti ili mtuonyeshe sabuni.

Kila Jumamosi alasiri mnarusha katuni iitwayo Ukoo wa Ngurumo, iliyotokana na gemu la simu. Wakubwa wako pengine hawaitazami, kwa hiyo nitaieleza kwa kifupi. Kuna mfalme wa mawinguni, Mfalme Ngurumo. Baba yake alinguruma, babu yake alinguruma, na yeye ananguruma hadi milima inashika kichwa. Ana binti mmoja, Rasha. Mtoto huyu akifungua kinywa hatoi ngurumo, anatoa manyunyu. Baba anamleta mwalimu wa ngurumo, anamnunulia ngoma, anamnyima usingizi, yote kwa mapenzi ya mzazi. Mwisho Rasha anasimama mbele ya baraza zima na kusema, "Baba, mimi si ngurumo. Mimi ni manyunyu, na ninatosha." Muziki unapigwa. Rasha anaondoka ikulu, wingu zima linalia. Mfalme anabaki ameduwaa kama mtu aliyeachwa na treni.

Nami nikabaki nimeduwaa vilevile, kwa sababu binti yangu Julieth alikuwa amekaa pembeni yangu akitikisa kichwa kukubali.

Julieth ndiye mtoto wangu wa kwanza. Tangu azaliwe tunamwita Nesi. Alikuwa hajaota meno, kaka yangu Modest akamnyanyua mbele ya ukoo na kutangaza, "Huyu ndiye nesi atakayetutoa porini." Tangu hapo jina likashika. Alipokuwa darasa la tatu majirani walikuwa wanamletea vidonda avitazame. Mke wangu akawa Mama Nesi, mimi nikawa Baba Nesi, na kanisani tukasogezewa benchi la mbele. Mwaka huu Julieth amepata nafasi chuo cha uuguzi, na sare zilikuwa zimeshashonwa. Basi kilichobaki kilikuwa nini? Kilichobaki kilikuwa Jumamosi, na ninyi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Rasha hasalimii. Nimetazama kwa makini. Anaamka, anampita baba yake mzazi barazani, anakwenda moja kwa moja kwenye madai. Hakuna shikamoo, hakuna umeamkaje. Huku kwetu hata anayekuja kukushtaki kwa mwenyekiti wa kijiji anakusalimia kwanza. Nakiri kwamba Julieth hakuiga jambo hilo, na hapo ndipo aliponipata. Jumapili jioni, tumemaliza kula, alipiga goti akasema, "Shikamoo, baba." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Ndipo akasema, "Baba, chuo sitaenda." Sasa, Ndugu Mkurugenzi, mtu aliyeshasema marahaba atafoka kwa njia gani? Kinywa kilikuwa bado kina baraka. Nilibaki nakohoa.

2. Katika lile gemu, baba ndiye adui wa hatua ya mwisho. Nilidhani ni uzushi wa vijana, nikaomba simu nihakikishe. Ni kweli. Unapita mito, unapita majoka, unapita daraja linaloungua, na mwisho wa yote unamkuta mzazi wako, naye ndiye wa kupigwa. Joka linapigwa mara moja linakufa. Baba anapigwa mpaka kidole kinaota sugu. Mimi nilishindwa kumpiga. Nilisimama mbele yake nikamwambia, "Pole, mzee mwenzangu," akanipiga yeye. Mke wangu aliichukua simu baada yangu, akamwangusha Mfalme Ngurumo kwa jaribio la kwanza, akarudi kusonga ugali bila dalili yoyote ya majuto. Tangu siku hiyo ninamtazama tofauti kidogo.

3. Mmewafundisha watu kudharau ngurumo. Nilipomweleza mke wangu kwamba Mfalme alikuwa anamtakia mtoto makubwa, alinijibu huku anachambua mchicha: "Baba Nesi, mchicha huu umeoteshwa na manyunyu. Ngurumo ilituulia ndama." Ningeomba ofisi yako inipatie jibu.

4. Hili nimelifuta, kwa sababu lilimhusu mke wangu naye amepita hapa nikiwa naandika.

5. Sasa naingia kwenye kiini, na hapa naomba uvumilivu. Ninajua desturi ya katuni zenu. Mtoto akimkataa baba yake, huondoka nyumbani, huvuka bahari, hupata kipaji, hurudi na taji. Nilikuwa nimejiandaa. Jumapili ile nilipomaliza kukohoa nilimwambia Julieth, "Haya. Hutaki uuguzi. Unataka nini?" Moyoni nilikuwa tayari kusikia urubani. Nilikuwa tayari hata kwa uimbaji. Akasema, "Nataka kufuga nyuki."

Niligeuka nyuma nikadhani kuna mtu mwingine ameingia.

Nikamuuliza, "Nyuki gani?"

"Nyuki, baba. Hawa wako."

Ndugu Mkurugenzi, mimi ni mfuga nyuki. Sikulitaja hapo juu kwa sababu halikuwa na umuhimu. Sikuichagua kazi hii. Kaka yangu alikuwa na akili za darasani akapelekwa shule. Mimi nilibaki, na aliyebaki hupewa mzinga. Msimu wa kurina asali ukifika ninaingia msituni, nalala kambini, narudi nanuka moshi na uso umevimba upande mmoja. Katika vikao vya ukoo Modest hukaa kwenye kochi, mimi hukaa karibu na mlango, na hakuna aliyenipangia pale. Ni miguu yenyewe imezoea. Nimemlea binti yangu kwa kusudi moja tu, asiwe mimi. Sasa ninyi mnamfundisha kuasi, naye anaasi, na anakuja kuangukia kwangu! Mwasi gani huyo anayemwasi baba yake kwa kumfuata? Rasha wenu angalau aliondoka ikulu. Wangu ameniomba nimwonyeshe miti ya kutundikia mizinga.

Nikamkumbusha kwamba kazi hii ina maumivu. Akasema anajua. Ni kweli anajua. Huyu ni msichana ambaye akiona sindano ya zahanati huanguka chini kama gunia, tukawa tunasema ataizoea akiwa chuoni. Lakini nyuki wakimchoma shingoni huwatoa kwa ukucha huku anaendelea na hadithi yake. Nikamwambia, "Nyuki ni nini kama si sindano yenye mabawa?" Akasema, "Ile ya zahanati haina asali." Naomba uone mwenyewe jinsi mtoto anavyojibu watu baada ya kutazama vipindi vyako.

6. Baraza. Nilimwita kaka Modest aje kutoka mjini kuniokoa. Alikuja, akakaa kwenye kochi, akanywa chai, akasikiliza. Kisha akanitazama mimi wala si mtoto, akasema, "Yaani, Anton, umlee miaka yote hii ili aje kuwa kama wewe?"

Nikajibu haraka, "Ndiyo hilo ninalolisema, kaka!" Nilifurahi kwamba tumeelewana.

Julieth alikuwa amepiga magoti kando ya meza akikusanya vikombe. Hakuinua sauti. Alisema, "Baba mkubwa, samahani. Kwani kuwa kama yeye kuna ubaya gani?"

Modest alitazama dari. Mke wangu alinitazama mimi. Na mimi, Ndugu Mkurugenzi, nilitazama mikono yangu, ambayo nilikuwa nimeificha chini ya meza kwa sababu ina makovu, nikatafuta huo ubaya ili niutaje, maana nilikuwa na hakika upo. Nilijua nikipewa muda ningeupata. Lakini chai ilipoa, na kaka akasema gari litamwacha.

Nalaumu kituo chako kwa ule ukimya. Mmempa Rasha maneno mazuri na muziki nyuma yake. Wababa hamkutupa hata sentensi moja. Mfalme Ngurumo aliduwaa kwa sababu hakuandikiwa la kusema, na mimi niliduwaa kwa sababu yeye aliduwaa.

7. Tangu siku ile sina usingizi mzuri. Nikiwa shambani najikuta nauliza miti maswali. Juzi nilimkuta Julieth kwenye mizinga iliyo karibu na nyumba, anapuliza moshi taratibu jinsi nifanyavyo mimi, ameinamisha kichwa upande wa kushoto jinsi niinamishavyo mimi kwa ajili ya shingo mbovu, na yeye shingo yake ni nzima kabisa! Nilisimama nyuma ya mti nikamtazama. Nilikuwa nimekwenda kumgombeza. Sijui kwa nini sikutokeza. Nalo hili naliweka kwenye orodha ya madhara.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe.

Itengenezwe sehemu mpya ambamo Rasha anajaribu ngurumo mara nyingine, anaipenda, na kumshukuru baba yake mbele ya baraza lilelile, muziki uleule upigwe. Katika gemu, mchezaji aruhusiwe kukaa chini na mzazi na kuzungumza naye badala ya kumpiga. Yeyote atakayempiga bila kusema shikamoo arudishwe mwanzo kabisa kwenye daraja linaloungua. Rasha amwandikie Julieth kwa mkono wake, amshauri aripoti chuo. Ninajua kwamba Rasha amechorwa, lakini aliyemchora ana mkono. Ikiwa hayo ni mazito, basi Mfalme Ngurumo apewe kazi mbaya zaidi, yenye kunuka, ili mtoto yeyote asimtamani. Na ili mambo haya yasijirudie, iundwe kamati ya wababa wa taifa zima ya kukagua katuni kabla hazijaonyeshwa. Niko tayari kuwa mwenyekiti wake, isipokuwa msimu wa kurina.

Nategemea hekima yako. Wasalimie wote hapo kituoni: wasomaji wa habari, fundi wa umeme, mlinzi wa getini. Msalimie kwa namna ya pekee yule bwana anayeigiza sauti ya Mfalme. Mwambie kwamba Ipole kuna mtu alimwelewa. Kama naye ana binti, mpe pole zangu.

Ndimi katika uchungu wa uzazi wa kiume,

Anton Kapela
(Baba Nesi)

N.B. Naongezea haya nikiwa nimesimama posta, Tabora mjini, kwa kalamu waliyoifunga kamba, kwa hiyo mwandiko unisamehe. Nimekuja na basi la asubuhi kuituma barua hii. Njiani nimekaa na mama mmoja mwenye kitenge cha Wanawake Wakatoliki anayetokea kumwona mwanawe. Akaniuliza kazi yangu. Nilifungua kinywa nitoe jibu langu la siku zote, kwamba mimi ni mdogo wake Modest, nikajisikia nasema, "Mimi ni mfuga nyuki." Na kabla sijajizuia nikaongeza, "Mimi na binti yangu."

Akasema, "Hongereni!"

Alisema hivyo tu, kisha akafungua dirisha. Lakini nimefika stendi nikiwa bado nalisikia, na sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alinipa hongera ya kazi. Nimesoma barua yangu tena hapa kwenye foleni. Sioni lalamiko hata moja linalosimama, ukiondoa lile la salamu. Ningeichana, ila nimesafiri nayo tangu alfajiri na stempu nimeshailamba. Basi naituma. Isome yote, kisha usitekeleze chochote, na huyo Mfalme mwacheni aduwae, ataduwaa mpaka atoe neno mwenyewe.

Naishia hapa, maana maduka yatafungwa mchana huu nami sijamtafutia Julieth kofia ya wavu ya kuzuia nyuki. Amekuwa akivaa yangu, nayo wavu wake unamfika kiunoni.