Injinia na Simu ya Fundi Cherehani

Injinia aliisikia ile simu akiwa chini, kwenye duka la fotokopi, akisubiri vyeti vyake vya uhandisi vitoke kwenye mashine. Ililia juu ghorofani mpaka ikachoka. Ikapumua kidogo, ikaanza upya.

"Kwa nani huko?" akamuuliza mwenye duka.

"Kwa fundi cherehani. Inalia hivyo kutwa nzima. Si unajua, anashona magauni ya harusi."

Hapa ni haki msomaji aambiwe kwamba Injinia hakuwa injinia. Hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Jina alijipa mwenyewe siku aliyookota kofia ngumu ya plastiki kwenye benchi la hospitali, akaivaa, akaona walinzi wa mageti wanampigia saluti. Lakini masikio alikuwa nayo, na siku ile yalimnong'oneza jambo tamu. Biashara ambayo wateja wanapiga simu mpaka mwenyewe anashindwa kupokea ni biashara iliyonona. Roho ya biashara hiyo ni namba yake. Ukiishika roho ya mtu mkononi, hata bei mtaelewana vizuri.

Tena alikuwa na haraka. Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa anaoa mwalimu wa chekechea, binti mpole kweli kweli. Tatizo lilikuwa mama wa binti. Mama huyo alishamweka chini akamwambia, "Mkwe, nakusikia injinia, injinia. Kabla ya Jumamosi nataka niione hiyo kazi kwa macho yangu. Nisipoiona, nguo zangu za harusi nazirudisha kabatini." Injinia alimpenda binti yule kwa moyo wote, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo halikuwa la kughushi.

Akapanda ngazi mbili mbili.

Chumba cha Fundi kilijaa nguo hadi darini: magauni yasiyo na mikono, suruali za mguu mmoja, makoti yaliyoshikiliwa kwa pini. Fundi mwenyewe, mtu mwembamba mwenye futi shingoni, alikuwa ameacha kushona, analitazama kwa hofu lundo la vitambaa lililokuwa likilia. Simu ilikuwa chini ya lundo hilo. Aliizika mwenyewe.

Mkono wa Fundi ulikuwa wa dhahabu. Ulimi wake ndio uliomponza, maana hakujua kusema hapana. Aliyepiga simu kutaka nguo mpya alikubaliwa, na aliyepiga kuulizia nguo ya zamani aliambiwa aje kesho. Kutwa nzima alikuwa anaahidi, na mtu anayeahidi hashoni. Ndiyo maana asubuhi ile shangazi yake, mwenye chumba na mwenye laini ya simu, alikuwa amemwambia neno la mwisho: "Mteja mmoja tu tena aje kunitukania kwenye ngazi zangu, chumba hiki nampa kinyozi."

Injinia hakuyajua hayo. Aliingia na kofia yake na tabasamu, akamkuta Shangazi naye amekaa pembeni na kikombe cha chai.

"Shikamoo mama. Fundi, kazi njema. Natoka upande wa mawasiliano."

"Marahaba," Shangazi akajibu bila kushusha kikombe. "Upande gani huo?"

"Wa mitambo, mama." Akaugusa waya wa simu ukutani kwa kidole kimoja, kwa huruma, kama daktari. "Hizi waya zimepitwa na wakati. Watu wote wamehamia simu za intaneti. Sauti safi, mikwaruzo hakuna, na gharama inashuka mpaka unacheka mwenyewe. Namba yenu ni ile ile. Mimi naihamisha tu."

"Unaihamishia wapi?"

"Kwenye mtambo wangu. Simu zinaingia kwangu kwanza, halafu mimi nazirusha hapa."

Shangazi akashusha kikombe. "Zote?"

"Zote, mama."

"Hata za wale wanaopiga alfajiri?"

"Mtambo haulali, mama."

"Na namba itakuwa kwa jina la nani?"

Injinia akakohoa. Swali hilo lilishawahi kumkimbiza mtaa mzima bila viatu. "Kitaalamu, mama, inakuwa kwa jina la mwenye mtambo. Yaani mimi. Kwa muda tu."

"Leta kalamu," akasema Shangazi.

"Lakini shangazi, wateja..." Fundi akaanza.

"Wewe shona."

Shangazi alitia saini fomu ya kuhamisha namba kwa haraka hata Injinia akamwonea huruma. Kuna watu, aliwaza, mtu unaona haya hata kuwaibia. Aliona haya kweli, mpaka alipofika chini ya ngazi.

Akiba yake yote ya suti ya harusi aliinunulia kisanduku cha intaneti na simu mbili mpya. Moja aliiweka mezani kwa Fundi, inang'aa, taa yake ya kijani inakonyeza, na haikuwa na uwezo wa kulia bila ridhaa ya Injinia. Nyingine aliipeleka chumbani kwake. Hesabu ilikuwa rahisi. Kufikia kesho yake duka lingekuwa kimya kama kaburi. Fundi na shangazi yake wangekuja wanalia, naye angewatajia ada ya kila mwezi kwa sauti ya upole. Akavaa hedifoni, akanyoosha miguu, akasubiri.

Simu ya kwanza iliingia kabla hajajiweka sawa.

"Ushonaji bora, karibu mteja," akasema.

"Mwizi mkubwa wewe!"

Injinia akaitazama simu. Alishaitwa hivyo mara nyingi, lakini siku zote na watu waliokuwa wanamfahamu.

Wa pili alikuwa kiongozi wa kwaya. Sare za kwaya nzima zilikuwa kwa Fundi tangu msimu uliopita, na sasa sauti ya nne ilikuwa imegoma kuimba kwa aibu ya mavazi. Wa tatu alikuwa mzee aliyepeleka suruali kupunguzwa kiuno, akasubiri mpaka akanenepa, sasa anataka iongezwe. Hakuna hata mmoja aliyetaka kununua kitu. Wote walitaka damu. Simu zililia kutwa, zikalia hata alfajiri, naye akaomba radhi kwa nguo ambazo hajawahi kuziona mpaka koo likamkauka. Wa kuja kumlilia hakutokea.

Kesho yake akaenda mwenyewe, amefura.

Aliposukuma mlango hakuamini macho yake. Nusu ya lundo ilikuwa imekwisha. Cherehani ilikuwa inakimbia, Fundi anapiga mluzi, na nguo zilizokamilika zimening'inia kwa mstari, zimepigwa pasi.

"Karibu mwanangu," akasema Shangazi. "Chai?"

"Mama, tuzungumze kiutu uzima. Namba yenu iko mikononi mwangu."

"Tunajua. Mungu akuzidishie."

"Hamjanielewa! Nisipozirusha hizo simu, hapa hamumpati mteja hata mmoja!"

"Ndivyo ninavyoomba kila nikipiga magoti," Shangazi akasema. "Tangu umeichukua, huyu amefanya kazi ya miezi. Sasa wewe ulitaka nini?"

Injinia alishuka ngazi polepole. Alikuwa ameteka nyara kitu ambacho wenyewe walikuwa wanatafuta pa kukitupa. Sawa, akajisemea, nakizima, naenda zangu. Alifika chumbani, akanyoosha kidole kwenye swichi ya kile kisanduku, na simu ikalia. Akaipokea kwa mazoea.

"Fundi!" sauti ya mwanamke ikamkatiza. "Gauni la mwanangu liko wapi? Jumamosi anaolewa! Aende kanisani amejifunga shuka?"

Mtu mwingine angekata simu. Lakini sauti ile Injinia aliijua, na kwa sauti ile mwili wake ulikuwa na nidhamu ambayo kichwa hakikuwa nayo. Kabla hajafikiri, mgongo ulishainama na mdomo ulishasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu ngoja... Mkwe?"

Injinia hakuwa na namna ya kujua mapema. Bwana harusi haambiwi gauni linashonwa wapi, na mama mkwe huyu siri yake ilikuwa siri.

"Mkwe, ni wewe? Unafanya nini kwenye simu ya fundi?"

"Nasimamia... upande wa mawasiliano, mama."

"Kumbe kazi ndiyo hiyo! Basi nisikilize. Kesho nakuja dukani. Gauni nisipolikuta, mwanangu humpati."

Njiani Injinia alikimbia na simu kwapani na kisanduku kifuani, waya unaburuzika nyuma. Alipofika juu pumzi hana.

"Mama, chukueni namba yenu. Bure! Naomba gauni moja tu. La mchumba wangu, la harusi ya Jumamosi."

"Ichukue nani?" akasema Shangazi. "Namba ni yako, jina ni lako. Ila gauni naliona pale chini kabisa ya lundo, na fundi ninaye." Akamvutia kiti kwa mguu. "Kaa hapo. Chomeka mitambo yako. Simu ikilia, pokea wewe. Huyu asiiguse. Gauni litashonwa."

Akakaa. Na hapo, jambo la ajabu, ikaonekana kwamba Injinia ana kipaji. Kiongozi wa kwaya alipiga akiwa anafoka, akamaliza akiwa anacheka, ameahidi kumwombea. Mzee wa suruali aliambiwa aje achukuliwe vipimo upya, akakata simu ameridhika. Fundi alisikiliza mambo hayo, akatikisa kichwa kwa heshima, akaendelea kushona.

Mama mkwe alipoingia kesho yake, gauni lilikuwa limening'inia dirishani, jeupe, kila mshono umenyooka. Alilishika upindo, akaligeuza, macho yakamlowa. Kisha akamwona mkwewe mezani, hedifoni kichwani.

"Huyu ndiye msimamizi wetu wa simu," akasema Shangazi. "Kijana mwaminifu sana."

Injinia akashusha pumzi. Alikuwa ameokoka.

"Namshukuru Mungu," akasema mama mkwe, akijifuta. "Niseme kweli, nilikuwa nadhani mwanangu anaolewa na tapeli. Na mshahara mnamlipa vizuri?"

Injinia akageuka. Hilo hakuwa amelifikiria, na moyo wake ulipiga kwa matumaini. Akamtazama Shangazi kwa macho ya kuomba.

Shangazi akamtazama naye, kwa upole mno, kama anavyotazamwa mtoto.

"Mshahara ameukataa," akasema. "Amesema atafanya kazi bure mwaka mzima, mpaka jina la fundi lisafike mjini. Amesema ni sadaka yake kwa sababu ya harusi."

Mama mkwe alisogea, akaushika mkono wa Injinia kwa mikono yake miwili. Machozi sasa yalikuwa yanatiririka bila kificho.

"Mwanangu," akasema, "Mungu akuongezee moyo huo huo."

Mdomo wa Injinia ulifunguka, mdomo ule ule uliowahi kumuuzia mtu kisima kisicho na maji.

"Amina, mama," akasema.