Mama Mwiko Ateka Ua wa Tisa kwa Tisa

Tegeni masikio, enyi mliokaa na mnaopita njia, na mwenye kutafuna ameze kwanza. Maana habari hii ni ya Mama Mwiko, fundi vigae, simba jike wa saruji, mpiga magoti asiyemsujudia mtu, na siku aliyopambana na karatasi.

Karatasi ilitoka kwa mwalimu wake wa zamani wa hesabu, mzee asiyetoa agizo kwa namba maadamu maneno yapo. Iliandikwa: "Upande wa ua uwe na idadi ya vigae vya upande wa jiko, ikiongezwa tatu. Ua ni mraba. Kisikatwe kigae hata kimoja."

"Nilikufundisha mwaka mzima, binti yangu," alisema mzee mlangoni. "Aljebra na wewe mlikuwa paka na maji."

Damu ya Mama Mwiko ikachemka. Akainua mwiko, akanguruma: "Upande wa jiko nauita n! Ukiongezwa tatu ni n + 3! Na mraba wake, Mwalimu, ni mraba wa n na mraba wa tatu!" Jiko la mzee alilitandika fundi mwenyewe juzi, sita kwa sita. Thelathini na sita, na tisa: vigae arobaini na tano. Akaviagiza, vikaja, akavipanga vikavu, bila gundi: jeshi la thelathini na sita pembe ya mlangoni, kikosi cha tisa pembe ya mkabala.

Lo! Kulia pengo, kushoto pengo, na ua ukamcheka kwa mdomo wa kibogoyo. Mwalimu akakohoa kikohozi kile kile cha darasani.

Hapo simu ikalia. Muuza vigae alisema, "Mama, za rangi yako zimebaki boksi tatu, kumi na mbili kila moja, na kuna mteja yuko njiani. Unataka ngapi? Sema sasa hivi!"

Jasho likamtiririka shujaa wetu kama mfereji. Asingeweza kubahatisha mbele ya mzee yule. Akalitazama pengo la kulia: urefu sita, upana tatu. Kumi na nane. La kushoto, pacha wake: kumi na nane. Moyo ukamruka.

"Ala! Kumbe n na tatu zinazidishana pia, tena mara mbili!" akapaza sauti hata majirani wakafungua madirisha. "Thelathini na sita, na kumi na nane, na kumi na nane, na tisa: themanini na moja! Tisa kwa tisa, mraba kamili! Muuzaji, zilete zote tatu, na huyo mteja mpe pole yangu!"

Vikaja kwa mkokoteni. Akapaka gundi, akatandika safu kwa safu, akiimba, hata kigae cha themanini na moja kikaingia mahali pake bila kunung'unika, wala kisu hakikugusa chochote.

"Umenifuta machozi ya miaka!" akalia Mwalimu, akavua viatu, akaingia uani kukagua ushindi.

"Simama, Mwalimu! Gundi haijakauka!"

Na andikeni, enyi waandishi wa nyakati, kwamba yule aliyewasimamisha watoto wa watu kwa mguu mmoja miaka arobaini, alisimama kwa mguu mmoja kwenye kigae cha kwanza, mikono juu, akicheka, mpaka fundi aliporuhusu.